Mkanda unaojivaa wenyewe, na fundi aliyeupima kabla ya kuufungua

Nianze na hukumu, asiye na muda asihangaike. Fundi huyu wa umeme wa magari nampa nyota nne kati ya tano. Kama una gari la zamani lenye mikanda inayotembea yenyewe juu ya mlango, mpelekee yeye kabla hujamruhusu mtu akuuzie mota. Nyota ya tano kaikosa kwa vituko vyake mwenyewe, na nitavieleza.

Jina lake na namba yake siweki. Kaniomba hivyo, kwa sababu anafanya kazi na kijana mmoja tu na simu zikizidi anazima. Ukiwa kwenye makundi ya Waswahili wa huku Marekani, ulizia mzee wa waya, utaelekezwa. Kampuni iliyounda gari langu nayo siitaji. Nikiitaja tu, watu wataacha habari ya mkanda waanze kubishana gari gani ni gari, na huu ugonjwa ni wa uzee, haubagui nembo. Itoshe kusema ni sedani kubwa ya 1990, viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, na injini ambayo mpaka leo ukiiwasha lazima uangalie mshale ujue kama imewaka.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na hii mikanda: juu ya dirisha la mlango wa mbele kuna reli nyembamba iliyopita ndani ya fremu, kuanzia nguzo ya kioo cha mbele hadi nguzo ya katikati, nyuma ya bega lako. Ndani ya reli kuna kitoroli kidogo, na mkanda wa bega umening'inia hapo. Ukifungua mlango, kitoroli kinakimbia mbele na mkanda unasogea ukupishe. Ukifunga mlango na kuwasha swichi ya gari, kinarudi nyuma kwa mlio wa zzzzz, na mkanda unakupitia kifuani bila wewe kunyoosha mkono. Ngoma inayoukunja mkanda haiko ukutani kama kwenye magari ya leo, iko katikati, pembeni ya gia. Mkanda wa kiunoni ni kitu kingine kabisa. Huo unafunga kwa mkono wako.

Mtu akipanda gari langu mara ya kwanza hucheka. Mama yangu hakucheka. Siku aliyokuja kunitembelea mkanda ulimvuta mtandio wote ukaishia kwenye dashibodi, akaniuliza gari hili lina adabu gani.

Chanzo cha haya mambo ni serikali. Mwaka 1984 Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, Elizabeth Dole, alitoa amri kwamba magari mapya yawe na kinga inayomlinda mtu hata kama yeye mwenyewe ni mvivu wa kufunga mkanda. Ikaanza kwa asilimia 10 ya magari ya kila kampuni kuanzia Septemba 1986, ikapanda kwa awamu, na kuanzia Septemba 1989 ikawa magari yote madogo. Kampuni zilikuwa na hiari: uweke mfuko wa hewa, au uweke mkanda unaojifunga wenyewe. Mifuko ya hewa wakati ule ilikuwa ghali, basi wengi wakaenda na mota na reli. Toyota walikuwa nayo tayari kwenye Cressida ya soko la Marekani tangu 1981. Baadaye Bunge likapitisha sheria ya 1991 iliyotaka mifuko ya hewa mbele, kwa dereva na abiria, na mikanda ya mota ikafa kimyakimya katikati ya miaka ya 90. Ndiyo maana leo spea mpya hazipo. Kilichobaki kimetoka kwenye gari lililokufa, na kina umri uleule wa hicho ulichonacho wewe.

Sasa ugonjwa wa gari langu. Upande wa dereva, ukifunga mlango, kitoroli kilikuwa kinaondoka vizuri kutoka mbele, kinafika kwenye kona pale reli inapoanza kuteremka nyuma ya kichwa, kinapunguza mwendo, kinakoroma, kinasimama. Kinabaki nafasi ya kiganja kimoja tu kifike. Taa ya mkanda kwenye dashibodi inawaka, kengele inalia. Asubuhi ya baridi hali ilikuwa mbaya zaidi, na mchana wa jua wakati mwingine kilifika chenyewe kama hakuna lililotokea. Tabia hiyo ya kupona mchana ndiyo iliyonifanya nisiamini habari ya mota kufa. Mimi ni mhasibu, si fundi, ila najua kitu kilichokufa hakifufuki saa saba mchana.

Gereji ya kwanza, kubwa, yenye chumba cha kusubiria na televisheni, walisikiliza dakika moja wakasema mota. Watatafuta mota, reli na utepe wake kutoka skrepa, vyote kwa pamoja, na gharama waliyonitajia ningeweza kununulia matairi manne nikabaki na chenji. Nikawauliza mmepima nini? Yule kijana wa mapokezi akasema kwa magari ya umri huu huwa ni mota. Huwa! Mimi ningemwandikia bosi wangu ripoti kwamba hesabu za mwezi huu huwa ni hivi, nisingemaliza wiki kazini.

Gereji ya pili walikuja na wazo la kuurudisha mkanda nyuma kabisa kwa mkono, kung'oa plagi ya mota na kuuacha hapohapo. Kwenye kitoroli kuna kifungio chenye kitufe cha dharura, cha kuuchomoa mkanda ikiwa mota imekwama na wewe uko ndani. Basi ningekuwa natumia kile kifungio kila siku kama mkanda wa kawaida. Najua wapo wengi wanaoendesha hivyo na wana amani. Mwenye gari akifanya kwake mwenyewe, hilo ni lake na sheria za jimbo lake. Ila gereji inayotoza pesa ni habari nyingine: sheria ya shirikisho, kifungu cha 30122 cha mlango wa 49, inakataza muuzaji au gereji kukiua kwa makusudi kifaa cha usalama kilichowekwa ili gari litimize viwango. Niliposema nataka hilo liandikwe kwenye risiti, wazo likafa.

Ndipo nikapewa habari za mzee wa waya.

Sehemu yenyewe haina sura ya kuvutia. Ni banda moja nyuma ya duka la matairi, waya zimening'inia kila rangi, redio inaongea peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, na swali lake la kwanza halikuwa gari la mwaka gani. Aliuliza, "Taa ya ndani inawaka ukifungua mlango?" Nikasema inawaka. "Kila mara?" Kila mara. Akasema basi swichi ya mlango iko hai, tusihangaike nayo. Hapo nikajua nimefika kwa mtu.

Akanikalisha kwenye kiti cha dereva, nifunge mlango, nifungue, nifunge, nifungue, yeye amesimama nje kaweka sikio kwenye nguzo ya katikati. Hakugusa chombo chochote. Baadaye akalegeza kava la chini la nguzo, mota ikaonekana imelala humo ndani na vumbi lake la miaka thelathini na zaidi, pamoja na sarafu na kibanio cha nywele ambacho si changu. Akachomeka mita kwenye plagi ya mota. "Fungua." Mita ikasoma volti 12 na ushee. "Funga." Ikasoma zilezile ila na alama ya kutoa mbele. Akanionyesha kwa kidole. Mota hizi ni za umeme mnyoofu. Ukizigeuzia waya chanya na hasi zinageuza mwelekeo, na kazi ya kugeuza inafanywa na boksi dogo la kontroli. Ikiwa volti zinafika pande zote mbili na zinageuka, basi fyuzi ni nzima, boksi linaagiza, na waya hazijakatika. Theluthi mbili ya mambo yanayobadilishwa kwa kubahatisha yaliondolewa kwenye orodha kwa kipimo kimoja.

Kisha akapima ampea. Akaiunganisha mita ndani ya mkondo wenyewe, tukaangalia namba wakati kitoroli kinatembea. Kwenye reli iliyonyooka namba ilitulia. Kitoroli kilipoanza kuingia kwenye kona namba ikapanda, ikapanda, mlio ukawa mzito, halafu pwaa, sifuri. "Umeona?" akasema. "Mota inalia imebebeshwa. Boksi linaona muda umepita haijafika, linaikata isiungue." Sikuwa nimejua kwamba kile kusimama ni ulinzi. Nilidhani ni kushindwa.

Kilichokuwa kinaibebesha tulikikuta alipofungua kava la juu. Ndani ya reli kunapita utepe wa plastiki mgumu wenye matundu pembeni, meno ya gia ya mota yanaushika kwenye matundu hayo na kuusukuma au kuuvuta. Utepe ukikatika, ndipo unasikia mota inazunguka lakini mkanda haujali. Wangu haukukatika. Ila grisi ya kiwandani iliyopakwa humo 1990 ilikuwa imekauka ikawa ya kahawia, ngumu kama nta ya mshumaa, na pale kwenye kona ilikuwa imejikusanya na kushika nywele na nyuzi za nguo. Baridi ikija inakaza, jua likiwaka inalainika. Basi ile siri ya kupona mchana ikawa imekwisha.

Aliitoa yote. Hakupuliza dawa akaondoka, alitumia vijiti vya pamba na kitambaa alichokifunga kwenye bisibisi nyembamba, akipitisha na kuangalia, akipitisha na kuangalia, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kijana wake alitaka kupuliza ile mafuta ya kopo inayolegeza kutu, mzee akampokonya kopo. Mafuta yale yanasaidia wiki moja, yakikauka yanaacha gundi na kuvuta vumbi, na mengine yanaila plastiki. Akapaka grisi ya silikoni, kidogo mno, kiasi kwamba mimi niliona kama kapunja. Grisi ikizidi inadondokea mkanda, na mkanda wenyewe haupakwi kitu chochote.

Bado hakuridhika, na hapa ndipo gereji nyingi zingefunga kava na kuandika risiti. Mwisho wa reli, nyuma na mbele, kuna swichi ndogo ambayo kitoroli kinaibonyeza kikifika ili boksi lijue safari imekwisha. Aliipima ile ya nyuma kwa kuibonyeza kwa kidole mara nyingi. Inapobonyezwa mita ilitakiwa isome ukinzani wa karibu na sifuri, maana yake umeme unapita bila kizuizi. Mara ilisoma hivyo, mara ikaruka mamia, mara haikusoma kabisa. Swichi ya namna hiyo ikichoka, mkanda unafika lakini boksi haliamini, linaendelea kusukuma hadi muda uishe. Kila ukifunga mlango mota inasaga mwisho wa reli, taa haizimi, na kitakachokufa mwishoni ni mota kweli, ndipo yule kijana wa mapokezi aonekane nabii. Swichi yenyewe ni ya kawaida, aina inayotumika kwenye mashine chungu nzima, na mzee alikuwa nayo kwenye droo. Akalehemu waya mbili, akaifunga. Gharama yake sikuiona hata kwenye risiti.

Tulipowasha, kitoroli kiliondoka mbele, kikaingia kona bila kubadilisha sauti, kikagonga mwisho kwa "tk" moja. Taa ikazimika. Nilimwomba afungue na kufunga tena, si kwa kuwa nilikuwa na shaka, nilipenda tu kuisikia.

Kabla sijaondoka alinifanyia ukaguzi ambao sikuuagiza. Aliuvuta mkanda wote kutoka kwenye ngoma, akaupitisha katikati ya vidole viwili polepole pande zote mbili, akitafuta nyuzi zilizokatika au sehemu iliyokakamaa. Akaushtua kwa kuuvuta ghafla, ukafunga. Akauachia, ukarudi kwa uvivu. Akasema uvivu huo ni uchafu, nikaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, nisitie dawa ya kung'arisha nguo kwa sababu inaozesha nyuzi, na niuache ukauke ukiwa umevutwa nje usije ukavunda ndani ya ngoma. Nimefanya, na sasa unarudi kwa haraka.

Kisha akanitazama nilivyokaa. "Na wa kiunoni mbona hukufunga?" Nikamwambia ukweli, huwa nasahau, mkanda wa juu ukishanipitia naona nimemaliza. Mzee hasemi sana, ila hapo alisema. Mkanda wa bega peke yake unamshika mtu kifua tu. Gari likigonga, kiuno kinateleza mbele chini ya dashibodi, mwili unashuka, na mkanda unahamia shingoni. Ndiyo maana chini ya usukani kuna ile sehemu nene iliyotunishwa, ni ya kuzuia magoti. Haitoshi. Lile gari linajifanya limekuhudumia kumbe limekuhudumia nusu, na hiyo nusu ndiyo inayomdanganya mtu. Kwa maoni yangu huo ndio ubaya mkubwa wa mikanda ya mota kuliko kuharibika kwake kote. Mimi ni mfupi pia, na mkanda huu hauna pa kuushusha urefu, unanikwaruza shingo. Nimenunua mto wa kukalia, naona umesaidia.

Sasa nyota ya tano. Kwanza, muda. Aliniambia njoo asubuhi, nikafika asubuhi, yeye kafika karibu na adhuhuri anakula muwa wake bila haraka wala pole. Pili, simu hapokei, anapokea kijana, na kijana hajui lolote. Tatu, pini mbili za plastiki za kava la nguzo zilivunjika wakati wa kufungua. Naelewa, plastiki ya umri ule huvunjika ukiitazama vibaya, lakini alirudishia kava bila kuniambia, na nilikuja kugundua barabarani kwa kusikia linatikisika. Nilipompigia aliagiza pini na kuniwekea bure, ila ilibidi nipige mimi. Nne, risiti. Aliandika "mkanda, kazi" na jumla. Nimemwambia, mzee wangu, mimi nataka kujua saa ngapi za kazi, kifaa gani, swichi ya upande gani. Akacheka. Kaandika upya baada ya mimi kusimama pale mezani nikiwa nimeshika kalamu yangu.

Bei, kwa wanaouliza: alitoza saa alizofanya kazi na grisi, basi. Haikufika hata robo ya ile ya gereji ya kwanza.

Akasema pia jambo kuhusu boksi la kontroli ambalo wenye magari haya mtalihitaji. Kama mikanda yote miwili, wa dereva na wa abiria, imeanza vituko kwa wakati mmoja, usianze na mota wala reli, kwa sababu si rahisi viwili vife pamoja. Anza na fyuzi, kisha boksi. Ndani yake mara nyingi hakuna siri, ni sehemu za kulehemu zilizopasuka kwa miaka ya joto na mtikisiko, au kapasita iliyovuja, na mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kulirudisha. Boksi la skrepa halina tofauti, limekaa kwenye joto lilelile miaka ileile. Yeye akikuta boksi la namna hiyo huling'oa na kulitengeneza, na ukimpelekea kwa posta anapokea, ila ukae tayari kusubiri, na usimpigie.

Upande wa abiria wa gari langu bado haujafunguliwa. Unatembea vizuri, lakini grisi yake ni ya mwaka uleule, kwa hiyo nimeshaomba siku, na safari hii nitafika adhuhuri.